Betri ya Gari la Lazhar

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaambiwa nimelificha. Mara ya kwanza kuisimulia habari hii, pale kwa kinyozi, niliisimulia kama kichekesho: mzee asiyejua kuendesha, gari lisilokwenda popote, na betri iliyokufa kwa kupendwa mno. Watu walicheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini asije akamkata mtu sikio. Nami nikacheka nao. Nilipoinua macho kwenye kioo nikamwona Ami Belgasem, mzee mwenyewe, amekaa benchi la nyuma, anangoja zamu yake, anatabasamu kwa adabu kama mgeni asiyeielewa lugha. Kwa hiyo safari hii naisimulia polepole, kama ilivyokuwa.

Gari lilikuwa la mwanawe wa pekee, Lazhar, anayekaanga maandazi Lyon, Ufaransa. Hapa Ghumrasin, kusini mwa Tunisia, hilo si ajabu. Kila nyumba ina mtu wake ng'ambo, amesimama mbele ya karai la mafuta na foleni ya wateja. Ami Belgasem mwenyewe alikaanga miaka na miaka kule Tunis, kwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda, mpaka mgongo ukagoma, akarudi kwa mkewe Mbarka na mizeituni yake.

Kiangazi cha mwisho alichokuja, Lazhar alilishusha gari hilo melini. Gari jeupe, jipya, milango inajifunga yenyewe, na ukilisogelea na ufunguo mfukoni linakukonyezea taa. Liliingia kwa ule msamaha wa ushuru wanaopewa watu wa ng'ambo, na msamaha huo una masharti yake: anayeruhusiwa kushika usukani ni mwenyewe au mkewe, basi. Forodha wakimkuta mwingine, gari linabaki kwao. Lazhar akaliingiza kwenye pango la zamani chini ya nyumba, lile ambalo babu zake walikuwa wakifungia ngamia wa kinu cha mafuta. Akaliingiza kwa pua, mkia ukabaki mlangoni ili moshi utoke nje. Siku ya kuondoka akamkabidhi baba yake ufunguo.

"Baba, liwashe kila Ijumaa. Dakika kumi tu, betri isife. Nikija kiangazi kijacho nilikute hai."

Ami Belgasem aliupokea ule ufunguo kama mtu anayepokea amana ya msikiti.

Kiangazi kijacho Lazhar hakuja, kwa sababu mtoto wa pili alikuwa njiani. Kilichofuata hakuja, kwa sababu ya duka. Kile kingine sababu yake hata Mbarka haikumbuki. Lakini Ijumaa haikupita bila gari kuwashwa. Mzee akitoka msikitini alipita moja kwa moja pangoni, bado amevaa joho lake jeupe la sala. Anafungua milango miwili ya bati, anazunguka gari mara moja kama mnunuzi wa ngamia, anaingia, anasema bismillahi, anabonyeza.

Mwanzoni aliwasha injini peke yake. Baadaye akafikiri: goti la mzee lisipokunjwa linashika kutu, sembuse gari. Basi akaanza kukipa kila kiungo mazoezi yake. Akawasha taa kubwa. Akawasha indiketa, kulia na kushoto, kama vile anakata kona. Akawasha feni, redio, waipa, ile mistari inayokausha ukungu kwenye kioo cha nyuma, na kile kiti kinachomtia mtu joto makalioni, katika nchi ambayo jua linatia joto kila kitu bure. Vyote vikawaka pamoja. Pango likawa kama ukumbi wa harusi. Naye amekaa katikati, mikono miwili kwenye usukani, anatazama ukuta wa mawe.

Majirani hawakumwacha.

"Ami Belgasem, tupe lifti."

"Unakwenda wapi?"

"Hapo ukutani."

"Panda. Lakini funga mkanda, njia ni mbaya."

Alikuwa hakasiriki. Mkewe ndiye aliyekuwa na ulimi.

"Baba Lazhar, bibi harusi wako anakungoja," husema Mbarka Ijumaa anapomwona anapiga mswaki kabla ya kwenda msikitini. "Mimi hukunipigia mswaki hata siku ya ndoa."

"Cheka. Hicho ndicho kitakachomleta mwanao."

"Mwanangu alitoka tumboni mwangu bila betri."

Moyoni mzee alikwisha fanya hesabu yake, na hesabu yenyewe ilikuwa hii: mtu huacha kitu pale anapotaka kurudi. Gari likiwa hai, Lazhar ana cha kurudia. Likifa, atasema, basi, hakuna tena haja. Na safari hii hesabu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko miaka yote, maana majira ya kuchipua Lazhar alisema mwenyewe kwa mdomo wake: "Agosti tunakuja wote, baba. Tutapanda ndege, gari si lipo? Bila gari siwezi kuja na watoto, magari ya kukodi Agosti ni wizi. Lakini la kwetu lipo." Wote, maana yake hata Ines, yule mdogo, ambaye babu yake hajawahi kumshika hata kidole.

Ndiyo sababu simu ya Ijumaa ilikuwa na utaratibu wake. Lazhar alipiga saa ileile gari likiwa linanguruma. Simu yake aliiweka kwenye rafu karibu na karai, sauti juu, mikono yake ikiendelea na unga. Ami Belgasem alisikia kila kitu cha upande ule. Alisikia chenji ikianguka kwenye bakuli, alisikia Wafaransa wakiagiza, na zaidi ya yote alisikia mafuta.

"Lazhar, punguza moto. Mafuta yako yanapiga kelele."

"Baba, umeyaonaje kutoka huko?"

"Sijayaona. Unga ukitumbukia unalia kwa ukali. Utaungua nje, ndani mbichi."

Lazhar hucheka, na kweli unasikia moto unapunguzwa. Halafu mzee hutoa simu nje ya dirisha la gari, akaielekeza kwenye boneti.

"Unaisikia?"

"Naisikia, baba. Safi."

"Inawaka kwa mara moja tu. Sijairudia."

"Wallahi wewe ni fundi."

Maneno hayo yalimtosha mzee wiki nzima.

Sasa ilipofika Juni, Ijumaa moja yenye upepo wa vumbi, Ami Belgasem aliingia, akasema bismillahi, akabonyeza. Gari likasema tik. Akabonyeza tena. Tik-tik-tik, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Taa za dashibodi zikapepesa zote kwa pamoja, zikafifia, zikazimika. Akabaki na kidole chake hapohapo. Kisha akatoka, akafunga milango ya bati watu wasione, akaenda mbio mbio za kizee mpaka kwa Mosbah.

Mosbah ni fundi umeme wa magari, kibanda chake kiko kwenye kona ya kushukia sokoni. Mtu mnene, mwenye maneno, na pikapu yake ya dizeli ni ya zamani kiasi kwamba ikipanda mlima wetu maiti wa kijiji wanageuka upande wa pili. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa kula kuskusi. Alipouona uso wa mzee akafunika sahani.

"Nani amekufa, Ami?"

"Bado hatujui. Njoo na vyombo vyako."

Akaisogeza pikapu mpaka pua yake ikakaribia mkia wa gari. Halafu akaona, kama mafundi wote wanavyoona baada ya kuchelewa, kwamba betri ya gari jeupe iko mbele na waya zake hazifiki. Akaunga waya mbili kwa nyingine mbili. Akaegemeza mita kwenye betri, akaitazama, akaigongagonga kama vile kosa ni la mita.

"Ami, hii hata ukiisomea Yasini haiamki. Lakini tujaribu, isije ikasemwa hatukuita daktari."

Pikapu ikawashwa. Pango lote likatetemeka. Mosbah akakanyaga mafuta, akaacha injini ingurume, akaja kusimama kwenye dirisha la gari jeupe. "Bonyeza." Mzee akabonyeza. Tik. "Tena." Tik. Vumbi lilikuwa likianguka kutoka darini kwa mtetemo wa ile dizeli.

Hapo simu ikalia. Lazhar.

Mzee aliitazama ile simu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Akamtazama Mosbah. Akapokea, akaweka sauti juu, kama kawaida yake.

"Baba, salamu alaikum. Habari za nyumbani?"

"Alhamdulillahi, wazima. Wewe? Watoto?"

"Wazima wote. Ines amemaliza kuota magego. Gari?"

Na mimi nadhani mzee hakupanga. Mkono wake ndio uliopanga. Uliitoa simu dirishani, ukaielekeza nyuma, kwenye lile zee la dizeli linalokohoa na kupiga chafya mlangoni.

"Unaisikia?"

"Naisikia, baba. Safi. Kama mpya."

 Mosbah akageuka akaanza kuzikunja waya ambazo bado zilikuwa na umeme, akarushwa na cheche, akatukana chini chini.

"Endelea hivyo hivyo, baba," Lazhar akasema. "Haya, wateja wamejaa, Ijumaa njema."

Simu ilipokatika, mzee aliitia mfukoni polepole. Mosbah akaizima pikapu. 

"Ami," Mosbah akasema, "gari langu tangu lizaliwe halijasifiwa hivyo. Nitaliogesha leo."

Mzee akacheka. Siku ile alicheka kweli, kwa kuwa alichokiona yeye ni kwamba ameponea chupuchupu. Mwanawe hajagundua. Betri mpya ikipatikana kabla ya Agosti, hakuna kitakachoharibika.

"Imekufa kwa nini?" akauliza. "Sikuiacha hata Ijumaa moja. Hata siku ya mazishi ya dada yangu niliiwasha."

"Uliwasha nini na nini?"

Mzee akamtajia, kimoja kimoja, kwa fahari kidogo: taa, indiketa, feni, redio, waipa, kioo cha nyuma, kiti.

Mosbah akajikuna kidevu kwa bisibisi. Alikuwa mtu wa maskhara, lakini alijua kusema neno baya kwa upole.

"Sikiliza, Ami. Kuwasha injini ni kama kupandisha gunia la ngano juu ya paa. Betri inatoa nguvu nyingi kwa mara moja. Ikishawaka, dinamo ndiyo inayoilisha. Lakini gari likiwa limesimama, injini inapumua taratibu, dinamo nayo inatoa kidogo. Na kwa hicho kidogo, wewe ulikuwa umealika wageni. Taa zinakula, feni inakula, kiti kinakula. Wageni wanakula kwanza. Betri inaachiwa kulamba sahani. Dakika kumi zimekwisha, unazima, unafunga mlango, unadhani umeishibisha. Kumbe imetoa ndoo, umeirudishia kikombe."

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa. Na wiki nzima usidhani gari linalala. Saa inatembea. King'ora kinakesha kikimngoja mwizi. Milango inasikiliza kama ufunguo unakuja. Kila kimoja kinanyonya tone lake. Mtu anayeendesha kila siku haoni, barabara inamrudishia. Hili la kwako lina mdomo tu, halina barabara."

Sisi tunaopenda kusema haba na haba hujaza kibaba, hatukuwahi kuulizana ikiwa kibaba kina tundu.

"Ingetakiwa nini?" mzee akauliza.

"Ama lipelekwe mjini Tatawin na kurudi, mwendo wa kweli. Ama ungefungua waya mweusi wa betri siku ileile alipoondoka, ukaiacha ipumzike, ukawa unaichaji mara mojamoja. Kusingekuwa na haja ya kuliwasha hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee alikaa kwenye kizingiti cha pango, kofia yake nyekundu mkononi.

"Aliniambia dakika kumi zinatosha."

"Nani?"

"Lazhar."

Mosbah akatafuta mzaha, hakuupata kwa haraka. "Watu wa ng'ambo, Ami, wakiwa wameshika masanduku wanasema mambo mengi. Mawazo yao yako kwenye ndege." Kisha akasimama, akajipangusa. "Betri ya aina hii hapa hakuna, ina ukubwa wake na tabia zake. Nitaipata Midenin Jumatano. Nitakufungia, halafu nitakuonyesha waya mweusi. Unaufungua, basi, umepumzika. Huna kazi nayo tena mpaka mwenyewe aje."

"Sasa Ijumaa nitafanya nini?" mzee akauliza.

Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mosbah alijifanya hajasikia, akaanza kupakia vyombo vyake.

Kicheko cha mzee kilidumu mpaka chakula cha jioni. Mbarka alikuwa amepika kuskusi ya shayiri na samaki mkavu, na kwa kuwa alikuwa amekwisha pewa habari na majirani kabla mumewe hajavua viatu, alimwekea kipande kikubwa bila kusema kitu. Mzee akatia mkono, akala tonge mbili, mkono ukasimama njiani na ya tatu.

"Mama Lazhar. Unakumbuka alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akikaa pale juu ya ukuta?"

"Nakumbuka. Alianguka mara ngapi."

"Gari likianza kupanda kutoka bondeni, halijaonekana hata vumbi, anapiga kelele: hilo la mwalimu, hilo la mwuza gesi, hilo la mjomba Khamais, breki zake zimekwisha. Hakukosea hata mara moja."

"Masikio ya baba yake."

"Leo nimemsikilizisha dizeli ya Mosbah. Akasema ni gari lake. Kama mpya, akasema."

Mbarka akamwaga mchuzi kidogo pembeni mwa sinia, upande wa mumewe, ingawa palikuwa tayari na mchuzi.

"Simu hizi mbovu, baba Lazhar. Kila kitu kinasikika kama bati."

"Mimi nasikia mafuta yake yanavyochemka. Nasikia kijiko kikianguka."

"Wewe huna kazi nyingine. Yeye anaamka kabla ya jogoo, ana duka, ana watoto, ana mke anayemtaka huku na mkaguzi anayemtaka kule. Akikwambia anaisikia, anataka ufurahi. Hiyo nayo ni heshima."

"Najua."

"Basi kula."

"Nakula," mzee akasema, na hakula.

Usinielewe vibaya. Lazhar si mtoto mbaya. Ulizia mtaa mzima: hakuna mgonjwa aliyetoka Ghumrasin akafika Lyon asilale kwake. Dawa za mama yake za sukari zinafika kabla hazijakwisha. Ila mtu aliye mbali hujifunza maneno machache yanayotuliza watu wa nyumbani, akayaweka karibu na mkono, kama chumvi. Yanamtoka bila kuyaonja.

Jumatano betri ikaja, nzito, ina harufu ya duka. Mosbah akaifunga. Gari likawaka kwa mguso mmoja, injini laini kiasi kwamba Mosbah aliweka kiganja kwenye boneti kuhakikisha. Akamwonyesha mzee waya mweusi na spana ya kuufungulia.

"Nikuache umefungwa au umefunguliwa?"

"Uache umefungwa mpaka Ijumaa."

"Ami."

"Mpaka Ijumaa tu, Mosbah. Kisha nitaufungua mwenyewe."

Ijumaa ile Mbarka hakumtania kuhusu mswaki. Mzee alikwenda msikitini, akarudi, akafungua milango miwili ya bati, akalizunguka gari, akaingia. Taa za ndani zilimulika zenyewe kumkaribisha, halafu zikafifia. Akasema bismillahi. Kidole akakiweka juu ya kile kitufe cha kuwashia, pale pale panapostahili. Hakubonyeza.

Angeweza kubonyeza. Hilo nataka lieleweke. Betri ilikuwa mpya, injini nzima, kosa halikuwepo lolote. Alikaa tu, ufunguo juu ya goti, akiwasikia njiwa wanaokaa kwenye tundu za mwamba wakikoroma, na Mbarka juu akitwanga pilipili. Akangoja.

Simu ikalia saa yake.

"Baba, salamu alaikum."

"Alaikum salamu, mwanangu. Watoto?"

"Wazima. Yusri amekuwa wa pili darasani. Ines anauma kila mtu."

"Mwache aume. Meno ni yake."  Kinu cha Mbarka kilikuwa kimenyamaza. Alikuwa ameshuka ngazi, amesimama mlangoni kwenye mwanga, mikono ina wekundu wa pilipili. Mzee hakumtazama. Akashusha kioo, akaitoa simu dirishani, akaielekeza kwenye boneti iliyopoa.

"Unaisikia?"

Njiwa mmoja akapiga bawa.

"Naisikia, baba. Mashallah. Inanguruma."

Mzee akairudisha simu ndani, akaishika kwa mikono miwili.

"Na ukiilinganisha na Ijumaa iliyopita?"

"Ileile. Betri yako haizeeki, wewe una siri gani?"

"Hakuna siri," mzee akasema. "Lazhar, Agosti."

Upande wa pili mafuta yalichemka. Yalikuwa yamepata moto mno tena, lakini leo mzee hakusema.

"Agosti, baba. Nilitaka nikwambie kwa utulivu, siyo dukani. Kuna duka linauzwa jirani, nikiliacha sasa atalichukua mwingine. Na tikiti za watu wanne, mwenyewe unajua. Lakini mwakani, wallahi, mwakani bila shaka. Gari si lipo? Si linawaka? Halitukimbii. Wewe endelea tu kuliwasha hivyo hivyo."

"Nitaendelea."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Mama yuko karibu? Mwambie asikasirike. Ngoja, baba, usikate, kuna mteja hapa, usikate."

Simu ikawekwa kwenye rafu. Mzee alisikia ilivyogusa ubao. Kisha duka likaendelea. Mwanamke aliagiza kwa Kifaransa, Lazhar akamjibu kwa sauti changamfu, sauti ambayo mzee hakuifahamu sana. Unga ukatumbukia mafutani. Karatasi ikakunjwa. Mtu mwingine akaingia, kengele ya mlango ikalia, kicheko, chenji, tena unga.

"Kata, baba Lazhar," Mbarka akasema mlangoni, taratibu. "Kata simu, njoo ule. Atapiga mwenyewe."

Mzee hakukata. Aliisogeza simu karibu na mdomo, karibu mno, kama mtu anayemwambia jambo mtoto aliyelala, na hakupandisha sauti.

"Lazhar. Leo sijaliwasha. Nimekaa ndani yake tu, limezima, mama yako ni shahidi. Na Ijumaa iliyopita haikuwa hili, ilikuwa pikapu ya Mosbah. Betri uliyoniachia nimeiua mwenyewe, muda mrefu, kwa kuliwasha. Sikulaumu. Duka ni zuri, linunue. Agosti si kitu, na mwakani nayo si kitu."

Kule unga ulitumbukia, mafuta yakalia, Lazhar bado akizungumza na wateja.

"Mimi sitakuomba tena uje. Ila ukirudi hapo kwenye simu nitakuuliza kama unaisikia. Niambie huisikii. Mara moja tu, mwanangu, niambie huisikii."